Springi Haivunjiki kwa Siku Moja

Kyebando ni kitongoji cha Kampala kilichoko upande wa kaskazini wa mji, katika tarafa ya Kawempe, jirani na Kanyanya, Kisaasi na Kalerwe. Barabara kuu ya Northern Bypass, iliyofunguliwa mwaka 2009, hupita hapo, na gari lililo juu ya lami ile huenda bila taabu. Lakini likiacha lami na kuingia ndani ya mitaa, hukutana na mambo mengine: matuta, mashimo, mawe yaliyochomoza, na makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua yateremkayo kuelekea mfereji wa Nsooba. Katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, makorongo hayo hujaa tope, na dereva hawezi kujua kina cha shimo mpaka gurudumu limekwisha kutumbukia.

Magari mengi yapitayo mitaa hiyo si mapya. Yalitengenezwa Japani, yakatumika huko miaka kadhaa, kisha yakanunuliwa na kuletwa Uganda. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Usalama Barabarani na kukataza kuingizwa nchini kwa magari yaliyotimiza umri wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Hata hivyo, sheria hiyo ilihusu magari yanayoingia. Yale yaliyokuwa yamekwisha kuingia yaliendelea kutembea. Ndiyo maana si ajabu kuiona Toyota ya miaka ya 1990 ikipanda kilima cha Kyebando huku imeinama upande mmoja, mfano wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

Ndugu msomaji, kuinama huko ndiko tunakotaka kukuzungumzia leo. Watu wengi hudhani kwamba springi iliyovunjika ni tatizo la starehe tu. Kwamba abiria watarushwarushwa kidogo, basi. Mawazo hayo ni ya hatari. Springi ikivunjika, breki, usukani na matairi yote yameingia mashakani. Nasi twawaandikia askari wa jeshi na wa polisi kwa makusudi, kwa kuwa jambo hili linawagusa kwa njia tatu. Kwanza, husafirishwa na magari ya kazi yanayobeba mizigo mizito katika njia mbaya. Pili, wengi wao wasiopata nafasi kambini hupanga nyumba katika vitongoji kama Kyebando, na gari la kwanza wanalolinunua kwa akiba au mkopo wa chama chao cha ushirika huwa ni gari kuukuu. Tatu, ni askari hao hao, wale wa usalama barabarani, ambao sheria imewapa mamlaka ya kulisimamisha gari bovu.

KAZI YA SPRINGI

Kazi ya springi ni kubeba uzito wa gari na kupokea mshtuko wa barabara ili gurudumu lisiache kugusa ardhi. Mwaka 1678 mtaalamu wa Kiingereza Robert Hooke alitangaza kanuni yake, ambayo hata leo ndiyo msingi wa kazi hii: springi hufupika au kurefuka kwa kadiri ya nguvu inayoitenda. Ikiwa kilo 25 zaifupisha kwa sentimita 1, kilo 50 zitaifupisha kwa sentimita 2. Kanuni hiyo hushika maadamu chuma hakijapita kiwango chake cha uvumilivu. Kikipita kiwango hicho hakirudi tena kama kilivyokuwa.

Katika magari yetu zipo springi za namna mbili zinazojulikana zaidi. Namna ya kwanza ni springi ya koili, yaani chuma cha pua kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Hizi huonekana mbele na nyuma katika magari madogo mengi ya abiria. Land Rover aina ya One Ten, iliyotolewa mwaka 1983, nayo hukaa juu ya koili katika magurudumu yote manne. Namna ya pili ni springi za bapa, ambazo ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja. Hizi hukaa nyuma ya pikapu za Hilux, nyuma ya HiAce zinazobeba abiria, na nyuma ya Land Cruiser za kazi. Malori nayo huzitumia sana.

Chuma cha springi ni chuma bora. Kimechanganywa na madini mengine, kikapashwa moto, kikapozwa kwa utaratibu maalum, kikapashwa tena kwa kipimo. Ubora wake wajulikana hata kwa wahunzi wa Afrika Mashariki, ambao huokota springi za bapa zilizotupwa na kuzifua panga na visu. Chuma kinachoweza kuwa panga zuri hakivunjiki hovyo. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: ni kitu gani kinachokivunja?

KUTU, MZIGO NA UCHOVU

Dereva ambaye springi yake imevunjika husema, “Shimo la leo ndilo lililonivunjia springi.” Maneno yake yana ukweli kidogo tu. Shimo la leo limemaliza kazi iliyoanza zamani.

Chuma huchoka. Jambo hili lilithibitishwa katika karne ya 19 na mhandisi wa Kijerumani August Wöhler, aliyechunguza mihimili ya mabehewa ya reli iliyokuwa ikikatika bila sababu iliyoonekana. Aligundua kwamba chuma kinachopindwa mara nyingi kinaweza kukatika hata kama kila pindo ni dogo kuliko nguvu ya kukivunja kwa mara moja. Tena, mzigo ukiongezwa, idadi ya mapindo ambayo chuma kinaweza kuyavumilia hupungua haraka kuliko mzigo unavyoongezeka. Springi ya gari hupindwa kwa kila tuta na kila shimo, na gari la umri wa miaka 20 limekwisha kupindwa mara zisizo na hesabu.

Kutu husaidia uchovu huo. Springi ya koili hupakwa rangi ngumu kiwandani ili maji yasifikie chuma. Jiwe dogo likiruka kutoka barabarani na kuibandua rangi hiyo, maji huingia, na kutu hutoboa kijishimo kidogo. Hapo ndipo ufa huanzia. Mahali pabaya zaidi ni ncha ya chini ya koili, pale inapokaa katika kikombe chake, kwa sababu tope na maji hutuama hapo siku nyingi baada ya mvua kukatika. Yafaa ikumbukwe pia kwamba katika sehemu za kaskazini za Japani, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari lililotumika huko laweza kufika kwetu likiwa limekwisha kuliwa na kutu upande wa chini, ingawa milango yake yang’aa kama kioo.

Tusidhani kuwa ni maradhi ya nchi maskini peke yake. Katika Uingereza, ambako chumvi hutumika vivyo hivyo, springi zilizovunjika ni miongoni mwa kasoro za kawaida zinazoyaangusha magari katika ukaguzi wa kila mwaka. Mwaka 2014, katika Marekani, kampuni ya Toyota iliyaita magari karibu 690,000 ya aina ya Tacoma, yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 2005 na 2011, kwa kuwa bamba mojawapo la springi za nyuma liliweza kuvunjika kutokana na mkazo na kutu. Ilihofiwa kwamba bamba lililovunjika lingeweza kuhama mahali pake na kugusa tangi la petroli. Tacoma ni pikapu, ndugu wa Hilux tunayoijua sisi. Ikiwa jambo hilo laweza kutokea katika nchi ya lami, sembuse katika njia za kokoto.

Sasa tutazame mzigo. Chukua pikapu ya doria ambayo imeundwa kubeba tani moja. Wapandishe askari kumi nyuma, kila mmoja kilo 75, pamoja na silaha, risasi na mkoba wake kilo 15. Hesabu hiyo ni kilo 900. Ongeza pipa la petroli la lita 200, nalo lina uzito wa kilo 150 na zaidi. Pikapu hiyo imekwisha kupita kiasi chake hata kabla haijaondoka kituoni, na tena hesabu hii ni ya gari lililosimama. Gurudumu likitumbukia shimoni kwa mwendo wa kasi, nguvu inayoifikia springi huongezeka maradufu. Dereva hatavunja springi siku hiyo, wala kesho yake. Atazidisha ufa, na siku moja dereva mwingine, mwenye mzigo mdogo, ndiye atakayevunjikiwa na kulaumiwa.

DALILI

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Springi nayo hutoa dalili, ila wengi hawazitambui, kwa sababu koili mara nyingi huvunjika kipande kidogo tu cha mwisho. Gari hushuka sentimita 1 au 2, kisha huendelea kutembea, na mwenyewe hudhani hakuna kilichotokea.

Lisimamishe gari mahali tambarare, bila abiria. Pima kwa utepe kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, upande wa kushoto na wa kulia. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1 au 2, tafuta sababu. Sikiliza pia: mlio wa chuma kugonga chuma wakati wa kupita tuta, au mlio kama wa kamba iliyokazwa kisha ikaachiwa unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, ni dalili ya koili iliyokatika inayoruka katika kikombe chake. Tazama matairi: likilika upande mmoja tu, au likiwa na mkwaruzo mpya ubavuni, usingoje.

Kisha chukua tochi uchungulie chini. Kwa koili, fuata chuma kwa jicho hadi ncha zake zote mbili, uone kama ncha ni laini kama ilivyotoka kiwandani au imekatika. Kwa springi za bapa, kagua bamba kuu lililoshika masikio ya pande mbili, na uangalie hasa karibu na tundu la bolti ya katikati na karibu na masikio yenyewe. Kagua zile bolti za umbo la herufi U zinazofunga springi na mhimili wa magurudumu. Zikilegea, bolti ya katikati hubeba nguvu isiyo yake na hukatika, na mhimili mzima husogea. Ukimfuata mwenzio barabarani ukaona gari lake laenda upande upande kama kaa wa pwani, magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele, mwonye asimame.

HATARI ILIYOPO

Ncha ya koili iliyovunjika huwa kali kama patasi. Iko karibu na ubavu wa tairi, na ubavu ndio sehemu nyembamba. Ikiupasua wakati gari liko kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva hana muda wa kufikiri. Na hata isipopasua tairi, gurudumu lisilokandamizwa sawasawa hurukaruka juu ya barabara, na gurudumu lililo hewani halifungi breki. Kwa springi za bapa, mhimili uliosogea unaweza kung’oa bomba la mafuta ya breki, au kuligeuza gari katikati ya njia na kulipindua. Katika pikapu iliyojaa watu waliokaa juu ya kingo zake, matokeo ya jambo hilo kila askari anaweza kuyakisia.

Hatari nyingine iko katika kuitengeneza. Ile springi tuliyoitaja, inayohitaji kilo 25 kwa kila sentimita, ikibanwa sentimita 20 huhifadhi nguvu ya joule 490 hivi. Hiyo ni sawa na jiwe la kilo 10 lililoanguka kutoka urefu wa mita 5, na yakaribia nguvu ya risasi ya bastola ya milimita 9 inapotoka mtutuni. Hakuna askari mwenye akili atakayechezea bastola iliyojazwa; lakini wapo mafundi wanaoibana koili kwa waya na vipande vya kamba, uso wao ukiwa mbele yake. Koili huondolewa kwa kibanio chake maalum, viwili kwa pande mbili zinazoelekeana, na mtu asisimame mbele ya ncha yake. Gereji isiyo na kibanio hicho haistahili kupewa kazi hiyo.

MATENGENEZO YA KWELI NA YA UONGO

Katika gereji za kando ya njia, Kyebando na kwingineko, kuna matengenezo ya namna nyingi yanayopunguza gharama leo na kuzidisha hasara kesho. Bamba lililovunjika huunganishwa kwa kuchomelewa. Koili ya gari jingine hukatwa kwa msumeno ili itoshe, au hupashwa moto ili ifupike. Vipande vya mpira au mbao huchomekwa ili gari lisimame wima. Moto wa kuchomelea huondoa kabisa ule ugumu uliopatikana kiwandani, na mahali hapo huwa dhaifu kuliko hata chuma cha kawaida. Gari litasimama wima mbele ya mnunuzi au mbele ya askari wa barabarani, lakini halitasimama wima shimoni.

Kanuni zilizo sahihi si nyingi. Springi hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, kwa sababu iliyobaki imechoka kama iliyovunjika, na springi mpya ikiwekwa pamoja na kuukuu gari litavuta upande mmoja. Springi inunuliwe kwa namba ya chesisi ya gari lenyewe. Ikiwa fedha haitoshi, na ikabidi kununua iliyotumika katika soko la Kisekka, basi ichunguzwe kwanza kwa makini: yenye vijishimo vya kutu, yenye rangi iliyopakwa upya juu ya kutu, au isiyolingana kimo na mwenzake, iachwe. Shokabsoba na bushi zikaguliwe wakati huo huo. Na chini ya gari paoshwe kila baada ya safari ya tope. Kazi hiyo haina gharama ila ndoo ya maji na nguvu ya mikono.

Itakuwaje ikiwa bamba kuu limevunjika porini, mbali na gereji? Madereva wa zamani hufunga bamba kwa waya imara, huweka kipande cha mti mgumu baina ya mhimili na chesisi, huwashusha abiria wote na mzigo wote, kisha huenda polepole, kilomita 20 kwa saa au chini yake, mpaka kwenye msaada ulio karibu. Hiyo ni dawa ya kulitoa gari porini tu. Na ikiwa ni koili iliyovunjika na ncha yake yagusa tairi, gari lisiendeshwe hata hatua moja, livutwe.

WAJIBU WA ASKARI

Katika sheria ya Uganda, kuendesha gari lililo katika hali ya hatari kimashine ni kosa, nalo askari wa usalama barabarani wanalifahamu kwa herufi tatu, D.M.C. Ukaguzi wa lazima wa magari yote ulianza mwaka 2016 chini ya kampuni binafsi, lakini mwaka uliofuata Bunge liliusimamisha kutokana na malalamiko juu ya mkataba wake. Jambo hilo lilionyesha kwamba mashine za ukaguzi zinaweza kuwapo leo na zisiwepo kesho, ila jicho la askari lipo kila siku. Askari anayelisimamisha gari lililoinama asitazame leseni na bima peke yake. Ainame achungulie gurudumu la upande ulioshuka. Dakika moja yatosha.

Liko na jambo jingine kwa wale wanaochunguza ajali. Chuma kilichokatika hubeba ushahidi wake chenyewe. Ukiutazama uso wa mkato wa springi, mara nyingi utaona sehemu mbili: moja nyeusi au nyekundu yenye kutu, ambayo ni ufa wa zamani, na nyingine inayong’aa, ambayo ni mkato wa siku ile. Sehemu ya kutu ikiwa kubwa, hapana shaka springi hiyo ilikuwa ikifa kwa muda mrefu na mtu fulani hakutaka kuona. Ikiwa mkato wote wang’aa, huenda ilivunjwa na ajali yenyewe. Kwa hiyo kipande hicho kisiachwe kandokando ya njia kuokotwa na wauza vyuma chakavu. Kihifadhiwe kikavu, nyuso za mkato zisisuguliwe wala kuunganishwa, kwa maana chaweza kumwokoa dereva asiye na hatia au kumfikia mwenye gari aliyeficha ubovu.

Kwa askari dereva twasema hivi: bunduki hukaguliwa kabla ya zamu, na hakuna afande anayekubali udhuru wa askari aliyekuta kutu ndani ya mtutu wake. Gari linalobeba watu kumi lastahili heshima hiyo hiyo. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, lizunguke gari, tazama kimo cha pande zote nne, chungulia kwa tochi, na ukiona ufa mwandikie mkubwa wako katika daftari la gari ili ijulikane ni siku gani ulisema. Naye mkubwa akisha kuandikiwa, asiamuru gari hilo litoke.